Anayeongoza mbizi ndiye mlinda mwamba

Unguja na Mafia ni ndugu wa bara. Maji yanayovitenga visiwa hivyo na Tanganyika yana kina cha makumi ya mita tu, na enzi zile bahari ilipokuwa imeshuka kuliko leo, Unguja ilifikika kwa miguu. Pemba ni habari nyingine. Kati yake na Tanga umepita mkondo wenye upana wa kilomita 50 hivi, na kina chake kinafika mamia ya mita. Mvuvi wa Wete au Makoongwe analijua hilo bila kuonyeshwa ramani: akishavuka mlango baina ya visiwa vidogo vya magharibi, kijani cha maji hugeuka buluu nzito kwa ghafla, na chubwi ya mshipi wake haigusi tena chini. Hapo ndipo mwamba unaposhuka wima kuelekea kilindini, na wazamiaji wameuita ukuta. Juu, karibu na jua, yamejazana matumbawe ya matawi na ya mabonge. Chini zaidi, mwanga unapopungua, yanafuata yale laini na yale yaliyotandaza umbo kama ungo kuukabili mkondo unaoyaletea chakula. Kolekole na jodari hupita upande wa kilindi, chewa hukaa mapangoni, kasa hupumzika kwenye vidato. Rangi nyekundu hunyonywa na maji katika mita chache za mwanzo, hivyo mtu akijikata kidole huko chini, damu yake huonekana kama wino.

Uzuri huu umekuwa bidhaa. Watu hutoka Ulaya, Marekani na Afrika Kusini, hulipia ndege, hoteli na boti, ili wakae dakika 40 au 50 ubavuni mwa ukuta huo wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni. Mjadala wetu kuhusu biashara hii umekwama mahali pamoja kwa muda mrefu: upande mmoja husema utalii wa kuzamia unaleta fedha za kigeni na kwa hiyo unauokoa mwamba, upande wa pili husema wageni wanavunja matumbawe kwa nanga na kwa mapezi ya miguuni, huku mvuvi akifukuzwa. Pande zote mbili zina ushahidi. Naamini kuna swali jingine linaloamua zaidi kuliko hayo, nalo haliulizwi leseni zinapotolewa: nani anaongoza mbizi? Jibu langu ni kwamba mwamba wa Pemba, na wa pwani yetu nzima, utalindwa pale tu anayetangulia chini ya maji atakapokuwa mtoto wa pwani aliyefunzwa sawasawa, mwenye mamlaka ya kumzuia mgeni na mwenye sababu ya kurudi mahali palepale kesho, mwakani, na miaka 20 ijayo.

Ushahidi ulio bora kuhusu jambo hili haukutoka kwetu. Umetoka Saint Lucia, kisiwa cha Karibi, ambako watafiti Nola Barker na Callum Roberts waliwafuatilia wazamiaji 353 chini ya maji na kuhesabu kila mara walipogusa mwamba. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Miguso mingi ilikuwa ya mapezi, ya watu ambao hata hawakujua kwamba wamepiga teke kitu chenye uhai. Wenye kamera waligusa zaidi. La muhimu kwetu ni hili: kuwapa wazamiaji maelezo mafupi ya mdomo kabla ya kushuka hakukubadilisha chochote. Kilichobadilisha ni kiongozi aliyekuwa macho, aliyemwona mtu akigusa na kumrekebisha palepale. Hapo miguso ilishuka kutoka wastani wa 0.3 kwa dakika hadi 0.1. Fanya hesabu ndogo. Kundi la watu kumi likizamia kwa dakika 40 bila kiongozi anayejali, mwamba utaguswa mara 120. Akiwepo anayejali, mara 40. Zidisha hiyo kwa boti mbili kwa siku, kwa msimu mzima, mahali palepale. Tumbawe la bonge hukua kwa kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Lililovunjika ukubwa wa kichwa cha mtoto limejengwa kwa miaka mingi. Tofauti ya 120 na 40 haikuletwa na sheria, bango, wala karatasi ya hoteli iliyoandikwa maneno mazuri juu ya mazingira. Imeletwa na mtu mmoja.

Mtu huyo ana kazi kubwa kuliko kuonya. Kila mita kumi za kushuka huongeza shinikizo sawa na lile la anga lote lililo juu yetu: juu ya maji shinikizo ni moja, mita kumi ni mawili, mita 30 ni manne. Kwa hiyo hewa ya mtungi inayotosha saa nzima karibu na uso wa maji huisha mara nne upesi zaidi kwenye mita 30. Nitrojeni nayo huingia mwilini kwa wingi, na mzamiaji akipanda haraka hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa, ndani ya damu na viungo. Ukuta una hatari yake ya pekee, kwa sababu hauna sakafu. Kwenye mwamba wa kawaida, mtu asiyejua kujipima huanguka mchangani akasimama. Ukutani anaendelea kuzama huku akitazama samaki, na hakuna kinachomwambia ameshapita kiasi. Tena Pemba ina mikondo. Maji yanayojaa na kupwa kwa tofauti ya mita tatu na zaidi wakati wa bamvua hulazimika kupita katika milango myembamba, na kwenye kona za ukuta huweza kumvuta mtu chini au kumtupa kilindini. Anayejua saa ambayo maji hutulia katika mlango wa Njao mwezi ukiwa mpevu, na anayejua kusi linapovuma ni upande gani uliokingika, anaokoa maisha. Elimu hiyo tunayo. Ipo kwa wavuvi, imehifadhiwa kwa maneno yao, bamvua na maji mafu, kilindi na fungu, mlango na mwamba, na ni ya karne nyingi kuliko vitabu vya kuzamia ambavyo vimeanza baada ya Jacques Cousteau na Émile Gagnan kutengeneza kifaa chao cha kupumulia mwaka 1943.

Hata hivyo tazama ramani za wazamiaji wa Pemba. Sehemu zenyewe zimepewa majina kama Manta Point na Swiss Reef, kana kwamba hakuna aliyewahi kuzitia macho kabla ya boti ya kwanza ya watalii. Sina ugomvi na jina. Jina la kigeni halivunji tumbawe. Lakini linaonyesha jambo. Masomo, mitihani na maelezo ya kabla ya kushuka hutolewa kwa Kiingereza, au kwa lugha nyingine ya Ulaya, na kwa hiyo kijana ambaye baba yake alimfundisha kusoma maji akiwa na miaka minane huanza safari ya kuwa kiongozi kwa kufeli lugha, wala si kwa kufeli bahari. Wapo Wazanzibari waliovuka kizuizi hicho na ni hodari wa kuheshimika. Bado katika vituo vingi mgawanyo ni uleule: mgeni ni mkufunzi, mwenyeji ni nahodha au mbeba mitungi. Nahodha anabaki juu. Kinachotokea chini hakioni.

Hapa atasimama mtu aniulize kuhusu Chumbe, na swali lake ni la haki. Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994 na kimekuwa mfano duniani wa hifadhi ya bahari inayoendeshwa na kampuni binafsi bila lengo la faida. Mwamba wake una aina karibu 200 za matumbawe magumu na zaidi ya 400 za samaki. Na mgeni haruhusiwi kuzamia pale kwa mtungi. Anaogelea juu tu, akiwa na miwani na mrija, akifuatana na mlinzi. Je, hii haithibitishi kwamba dawa ni kuwakataza wazamiaji? Mimi naisoma Chumbe kinyume. Miamba mingi ya pwani yetu haijawahi kuona mzamiaji wa kitalii hata mmoja, na imekwisha: imelipuliwa kwa baruti, au imekokotwa kwa juya, au imevunjwavunjwa kwa magongo ili samaki watoke mafichoni waingie kwenye wavu. Kukosekana kwa watalii hakukuiokoa. Kilichoiokoa Chumbe ni wavuvi wa vijiji jirani walioajiriwa na kufunzwa kuwa walinzi, ambao hawakupewa silaha, wakawa wanazungumza na wenzao waliokuja kuvua, kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka mazungumzo yakawa mazoea. Mlinzi huyohuyo ndiye anayemwongoza mgeni majini. Chumbe imeunganisha kazi mbili katika mtu mmoja, na hilo ndilo la kuigwa, liwe kwa mrija au kwa mtungi.

Fedha ni sehemu ngumu zaidi ya hoja, na singependa kuipita juujuu. Kufunza kiongozi wa mbizi ni ghali. Vifaa vyake mwenyewe, mitungi ya mazoezi, mafuta ya boti, vyeti vinavyolipiwa kwa dola, na miezi ambayo kijana haingizi kitu nyumbani: familia ya mvuvi haiwezi. Mwenye kituo atasema, kwa ukweli, kwamba biashara yake ni ya msimu, kwamba mwaka 2020 ilisimama kwa sababu ya korona, na kwamba akimsomesha kijana kwa fedha zake, hoteli jirani itamchukua mwezi unaofuata. Ndiyo sababu gharama hii haipaswi kuachiwa mwenye kituo mmojammoja. Bonaire, kisiwa kidogo cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi, kiliifanya bahari yote inayokizunguka, kutoka ufukweni hadi kina cha mita 60, kuwa hifadhi mwaka 1979. Miaka michache baadaye fedha za wafadhili ziliisha, hifadhi ikabaki jina. Ilifufuka mwaka 1992 kila mzamiaji alipotakiwa kulipa dola 10 kwa mwaka, zikaenda moja kwa moja kwa taasisi inayoilinda hifadhi badala ya kupotea katika mfuko mkuu. Zikanunua maboya ya kufungia boti ili nanga isitupwe tena juu ya matumbawe, zikalipa walinzi. Wazamiaji hawakukimbia. Kiwango kimepandishwa mara kadhaa tangu wakati huo, na bado wanakuja. Mtu aliyelipa maelfu ya dola kufika Pemba hatazuiwa na ada, mradi aone inakwenda wapi. Kwetu maeneo kama Mnemba na Mafia tayari hutoza ada ya kuingia. Nadai sehemu iliyotajwa wazi ya ada ya wazamiaji ijaze mfuko wa mafunzo, na kijana anayefunzwa kwa mfuko huo awe huru kufanya kazi kituo chochote cha kisiwa. Hapo hofu ya kuibiwa mfanyakazi inakosa mahali pa kusimama, kwa kuwa aliyemsomesha ni mwamba wenyewe.

Kuna wanaodhani mwenyeji hana haja na mambo haya kwa sababu bahari kwake ni kitoweo. Historia ya kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, inawakanusha. Wavuvi wa Pemba husimulia kwamba Mtume Hadhara alipofika kisiwani humo aliomba msala wa kuswalia, wenyeji hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe kilichoelekea kibla ndicho kitakuwa msala wake; jina likabaki. Katika miaka ya 1990 ulipokuja mpango wa kukikodisha kwa ajili ya hoteli ya watalii, wavuvi waliupinga, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi, likiwa na sehemu ya magharibi isiyovuliwa kabisa, ambako ndiko kwenye ukuta. Mwaka uliofuata masheikh na wavuvi walikaa pamoja kuyazungumza mafundisho ya Uislamu juu ya uangalizi wa viumbe, na ujumbe wa mimbari ukapokelewa na watu ambao amri za serikali hazikuwa zimewagusa. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanavijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakifungua siku moja kwa pamoja. Pweza hukua upesi mno, kwa hiyo faida huonekana kwa mizani, ndani ya msimu mmoja. Jamii inayoweza kujizuia namna hiyo inaweza kulinda ukuta. Inachokosa ni macho kule chini. Kamati ya wavuvi ya shehia huamua juu ya mita 20 na 30 za kina bila mjumbe wake hata mmoja kufika huko, ikitegemea ripoti za wageni. Kiongozi wa mbizi aliye mtoto wa kijiji angeweza kukaa kwenye kikao hicho na kusema nini kimebadilika tangu kaskazi iliyopita, na angeaminiwa, maana baba yake na wajomba zake ni wavuvi walewale.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakautema mwani mdogo unaoishi ndani ya miili yake na kuyalisha, yakapauka, na mengi yakafa, Mafia na Misali zikiwemo. Yalipauka tena mwaka 2016. Aprili 2024, NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, lilitangaza kwamba dunia imeingia katika upaukaji mkuu wa nne. Kijana mmoja wa Makoongwe mwenye cheti atafanya nini mbele ya joto linaloletwa na moshi wa viwanda vya mabara mengine? Kulizuia hawezi, na kudai kwamba anaweza ni kumdanganya. Lakini mwamba uliopauka si lazima ufe moja kwa moja, na uliokufa si lazima ubaki kaburi. Baada ya joto, huanza mashindano kati ya mwani wa majani unaotaka kufunika jiwe na vichanga vya matumbawe vinavyotafuta pa kutua. Samaki kama pono na kangaja, kwa kula mwani huo, ndio huamua nani ashinde. Utafiti wa Tim McClanahan katika miamba ya Kenya umeonyesha jingine: pale samaki kikande wanapovuliwa wote, wale viumbe wa mviringo wanaoliwa nao, wenye miiba mirefu inayochoma nyayo za wapita pwani, huongezeka kupita kiasi na kulikwangua jiwe mpaka matumbawe yashindwe kukua. Kumbe samaki wachache wa aina fulani, wakiachwa mahali fulani, wanaupa mwamba nafasi ya kujiponya. Kuwajua samaki hao, kuwahesabu, kuona wiki ya kwanza ambapo ncha za matumbawe zinaanza kuwa nyeupe na kutoa taarifa kabla wiki ya nne haijafika, ni kazi ya mtu anayeshuka kila siku. Mtaalamu anayetembelea mara moja kwa mwaka hawezi.

Wasichana wasisahauliwe katika hili, maana waokotaji wa pweza na chaza wa pwani yetu wengi ni wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea. Nungwi, mradi wa Panje ulioanza mwaka 2011 umewafundisha wasichana wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima. Suala la stara limepatiwa jibu. Mavazi ya kuzamia yenyewe hufunika mtu kutoka shingoni hadi kifundoni.

Zanzibar ina Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi tangu mwaka 2020, na leseni za vituo vya kuzamia hazitolewi bila mkono wa serikali. Kwa hiyo njia ipo. Kila leseni mpya, na kila inayohuishwa, iwe na sharti kwamba baada ya muda uliotajwa, tuseme miaka mitano, robo tatu ya mbizi za kituo ziongozwe na wenyeji wenye vyeti kamili, na angalau mmoja wao awe mkufunzi anayeweza kumfunza mwingine. Idadi ya wazamiaji kwa kiongozi mmoja iwekwe chini, wanne au watano, kwa kuwa hakuna jicho linaloweza kufuata jozi kumi za mapezi ukutani. Kila mahali pa kuzamia pawe na boya na pawe na kikomo cha mbizi kwa mwaka. Bonaire walikadiria mwaka 1993 kwamba mwamba huanza kudhurika mbizi zikipita kati ya 4,000 na 6,000 kwa mahali pamoja, na sisi tuanzie chini ya hapo mpaka tuwe na hesabu zetu. Kiongozi apewe haki ya kisheria ya kuikatisha mbizi ya mgeni asiyesikia, bila kuogopa kwamba malalamiko ya mgeni yatamgharimu kibarua. Kitabu cha mafunzo kitafsiriwe kwa Kiswahili cha pwani, kipitiwe na wavuvi pamoja na wazamiaji. Na mtihani wa eneo la Pemba uwe na sehemu ambayo haimo katika vitabu vya ng'ambo: mtahiniwa aulizwe mlango wa Fundu unavutaje siku ya tatu baada ya mwezi mchanga, boti ikae upande gani matlai ikivuma, na ni nani katika shehia hiyo wa kuambiwa kwanza matumbawe yakianza kupauka.